Mwizi Aliyevua Viatu

Zrrrp.

Ilikuwa sauti ya zipu ikishushwa taratibu gizani. Kimya kidogo. Kisha ya pili: zrrrp.

Mama Perpétue Nabintu alikuwa macho kitandani, kama kawaida yake tangu alipostaafu zamu za usiku. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Desemba ya Stockholm saa hiyo bado ni giza totoro. Muda mfupi kabla ya zipu alikuwa amesikia kishindo kidogo, kama kikombe kilichofungwa ndani ya taulo na kupigwa nyundo. Baada ya zipu hakusikia hatua zozote. Ila alipotega sikio tena aligundua kuna kitu kimepungua. Upande wa pili wa ukuta, sebuleni, saa ya mezani haikuwa ikisema tena tik-tak.

Saa mbili na robo asubuhi, Inspekta Stellah Mwakio alikuwa amesimama mbele ya meza tupu.

Nyumba hiyo iliitwa Almgläntan: fleti ishirini na sita za wastaafu, karibu na maji, vituo viwili vya treni kutoka Vårby gård. Sebule ya pamoja ilikuwa na viti vya kuegemea, maua dirishani na, mpaka jana yake, saa ya shaba iliyokadiriwa kuwa na thamani ya kroni laki moja na nusu. Sasa palibaki alama ya duara kwenye meza. Kioo cha mlango wa bustani kilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi.

"Vipande vimeangukia ndani," alisema Konstebo Liam, huku akipiga picha. "Kimevunjwa kutoka nje. Nyayo bustanini hakuna, theluji imefunika zote."

"Alama za vidole?"

"Hakuna. Alivaa glavu. Nani asiyevaa glavu kwa baridi hii?"

Stellah alichuchumaa. Alizaliwa hapa hapa Stockholm, akakulia Husby, mtoto wa wazazi kutoka Taita. Mama yake alisafisha ofisi za watu kwa miaka thelathini, na alimfundisha Stellah kusoma sakafu kabla hajajua kusoma vitabu. Kwenye zulia la kufutia miguu palikuwa na changarawe, ile inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili watu wasiteleze. Nje ya zulia, hata punje moja. Sakafu iling'aa kama sahani. Na hatua mbili kutoka mlangoni, tone la damu la ukubwa wa dengu.

"Liam, chukua sampuli ya hii. Ipelekwe maabara."

Msafishaji alikuwa pembeni na ndoo yake. Jina lake Maombi, Mkongo wa Goma, mwenye umri wa kama miaka thelathini.

"Sakafu hii nani aliipiga nta?" Stellah alimuuliza.

"Mimi, dada. Jana jioni, saa moja."

"Na leo umefagia?"

"Sijagusa kitu. Nilipoona kioo nikaita watu."

"Basi niambie, changarawe za mwizi ziliishia wapi?"

Maombi alitazama zulia, akatazama sakafu, akaweka kiganja mdomoni. "Dada! Kavua viatu?"

"Inaelekea hivyo."

"Basi ana adabu kuliko meneja wetu."

Meneja mwenyewe, Filip Ahl, alikuwa ndiyo kwanza anapita juu ya nta na buti zake zilizolowa theluji.

"Inspekta, msipoteze muda," alisema. "Nendeni fleti namba tatu, ukuta kwa ukuta na sebule. Perpétue Nabintu. Ameshindwa ada mpya, anahama mwisho wa Februari. Anayehamishwa ana sababu ya kuiba."

"Ada gani?"

"Kifurushi cha huduma. Chakula cha mchana, mapokezi, mazoezi, kengele ya dharura. Kroni elfu tatu na mia mbili kwa mwezi, juu ya kodi."

"Na asiyekula hapa?"

"Ni kifurushi. Kila mtu analipa." Alishusha pumzi. "Gharama za maisha zinapanda, hata kwetu. Lakini nikipata karatasi yenu yenye jina lake, mimi sisubiri Februari. Nitaomba atoke kabla ya Krismasi."

Stellah aliandika. Kisha akasoma alichoandika, na hakukipenda.

Mama Perpétue alimfungulia mlango akiwa na kitenge kiunoni na tambara la vyombo mkononi. Alikuwa na miaka sabini na sita. Stellah alivua buti zake, akaziweka kwenye kirafu cha mlangoni kando ya jozi moja ya viatu vyeusi, vya kamba, vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa. Ndani palinukia maandazi. Maboksi ya kuhamia yalikuwa wazi, yamejaa nusu. Mezani palikuwa na Biblia, na chini yake bahasha za kaki ambazo hazijafunguliwa.

"Karibu, ma fille. Ukae. Unakunywa chai?"

"Asante, Mama. Nitakuuliza maswali, na nitayaandika majibu."

"Andika. Miye nitakujibu."

"Sauti ya kwanza uliyosikia?"

"Kioo. Kisha zipu. Mbili."

"Zipu ya nini?"

"Ya buti. Nimewavua wazee buti miaka ishirini na miwili, nitakosa kuijua?"

"Ulitoka kuangalia?"

Mama Perpétue alilikunja tambara mara mbili, akalikunja tena.

"Nilitoka."

"Ukamwona nani?"

"Hilo usiniulize."

"Kazi yangu ni kuuliza, Mama."

"Na kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Mzee akijikojolea unanyamaza. Akilia unanyamaza. Sitaanza leo kusema."

"Meneja anasema ni wewe."

"Aseme."

"Ukinyamaza, itabidi niandike umekataa kujibu. Anaweza kuitumia hiyo. Unataka kuhama kabla ya Krismasi?"

"Mwanangu, nilitoka Bukavu kwa mguu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Kuhama na gari la mizigo ni kitu gani?" Lakini macho yake yalikwenda dirishani, kwenye chungu cha mchicha aliokuwa ameuotesha juu ya hita, na hapo Stellah akajua kwamba ni kitu, tena kikubwa.

"Na barua hizi mbona hujafungua?"

"Ni za mamlaka ya pensheni. Eti niombe posho ya nyumba. Miye sikuja inchi ya watu kuomba. Nilikuja, nikafanya kazi."

Kwenye korido Liam alikuwa akimsubiri. "Tumkamate?"

"Huyu kamwona mwizi, na anamlinda. Fikiri, Liam. Mtu amevunja kioo, kaingia, kavua buti. Vipande viko chini. Amebaki na nini miguuni?"

"Soksi."

"Na tone la damu ni la nani?"

Liam aligeuka kutazama milango ya fleti kwenye korido.

"Saa nne wazee wote wanakusanyika kunywa kahawa," alisema Stellah. "Twende tukaangalie miguu."

Walikuja mmoja mmoja, na Stellah alijikuta akiwatazama kwa heshima iliyompanda yenyewe. Palikuwa na bibi wa miaka tisini na mmoja aliyepaka rangi ya mdomo kuja kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Palikuwa na dada wawili waliogawana keki moja kwa kisu, kila mmoja akimsukumia mwenzake kipande kikubwa. Tangu ada mpya ianze, Maombi alimnong'oneza, watu wengi hapa waliacha gazeti, wengine kinyozi. Lakini mashati yalikuwa yamepigwa pasi.

Wa mwisho aliingia Mikael Sandell, dereva wa treni mstaafu, miaka themanini na mitatu, tai shingoni. Alikanyaga kwa kisigino tu mguu wa kushoto.

Stellah alimwacha amalize kahawa yake. Kisha yeye na Liam wakamsindikiza mpaka fleti namba saba, ambayo mlango wake wa nyuma ulifunguka bustanini. Mlangoni palikuwa na buti za zipu. Soli zake zilikuwa na changarawe.

"Mguu una nini, Bwana Mikael?"

"Nilijigonga."

"Naomba nione."

Aliketi, akavua soksi polepole. Bendeji ilizunguka unyayo na kifundo kwa umbo la nane, imekazwa sawasawa, pini imefichwa ndani.

"Hii hukufunga mwenyewe," alisema Stellah. "Hii ni kazi ya mtu aliyefunga mamia. Nani?"

Mzee alianza kuivaa tena soksi yake.

"Saa iko wapi?"

"Saa gani?"

Hapo ndipo kabati la nguo lilipogonga. Moja. Mbili. Tatu. Liam alikaribia kucheka, Stellah akamkata jicho. Ilikuwa saa tano kamili, kwa hiyo saa iligonga mara kumi na moja, na wote watatu waliingoja kwa adabu mpaka ikamaliza.

"Umeitia ufunguo," alisema Stellah.

"Nisingeweza kuiacha isimame. Mke wangu aliitia ufunguo kila Jumapili, miaka arobaini."

"Ni yenu?"

"Ilikuwa yetu. Alipofariki nikaitoa zawadi kwa sebule, ili kila mtu aisikie. Nikatia saini hati. Mwezi jana nilimwomba meneja anirudishie. Akasema iliyotolewa imetolewa."

"Ukaamua kuiba."

"Bado sijakubali chochote," alisema mzee, akiinua kidevu.

Stellah alifunga daftari lake. "Basi nikuambie hali ilivyo. Meneja amemtaja Perpétue. Na Perpétue amekataa kunijibu. Yuko tayari jina lake liandikwe badala ya la mtu fulani ambaye yeye alimfunga bendeji alfajiri."

Rangi ilimtoka Mikael usoni. Alishika mikono ya kiti akajaribu kusimama, mguu ukamrudisha chini.

"Hapana. Hapana! Yeye hajui hata kwa nini nilifanya. Aliniona kwenye korido na damu, akasema 'keti', basi. Hakuuliza. Andika: ni mimi. Mikael Sandell. Nilitoka kupitia mlango wangu, nikavunja kioo kwa taulo na nyundo, ili idhaniwe ni mtu wa nje na asishukiwe yeyote humu."

"Kwa nini?"

"Miaka miwili ya mwisho mke wangu hakuweza kujigeuza kitandani. Perpétue ndiye aliyekuwa na zamu ya usiku. Zamu iliisha saa moja asubuhi, naye hakuondoka kabla hajamchana nywele. Hakuna aliyemlipa kwa hizo nywele." Alifuta pua kwa kitambaa. "Na leo, mtu aliyewatunza wazee wa mji huu hawezi kumudu kuwa mzee ndani yake. Nilimpa bahasha ya pesa. Ilirudi kesho yake, imewekwa chini ya sahani ya maandazi. Nikasema nitaiuza saa, niiweke ada yake ofisini bila jina. Asijue. Pensheni yangu nayo inamezwa na kifurushi hicho hicho, sina kingine cha kuuza."

Liam alikuwa ameacha kuandika.

"Swali la mwisho," alisema Stellah. "Ulikuwa unaiba. Buti ulivua za nini?"

Mzee alimtazama kama vile ameulizwa jambo la ajabu.

"Maombi alikuwa amepiga nta. Nilimwona jana amepiga magoti."

Saa ilirudi mezani siku hiyo hiyo. Mikael alitia saini maelezo yake, na baadaye mwendesha mashtaka akampiga faini na gharama ya kioo. Alizilipa kwa awamu bila kulalamika. Lakini habari ilipita mlango kwa mlango haraka kuliko meneja alivyotaka. Yule bibi wa rangi ya mdomo aliandika barua kwa baraza la kodi za nyumba, kupinga kifurushi cha lazima. Watu ishirini na wanne walitia saini, wengine kwa mikono inayotetemeka, wote kwa majina kamili.

Jumamosi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Stellah alirudi fleti namba tatu na binti yake, Kamila, mwenye miaka mitano. Mtoto alipewa maandazi na mswaki wa zamani wa kusugulia vile viatu vyeusi vya kamba. Kila alichoulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiswidi, na Mama Perpétue hakumkaripia, alimwambia tu: "Sugua pale pembeni, mon trésor."

Stellah alitoa bahasha chini ya Biblia.

"Mama, hii si sadaka. Mishahara yako ilikatwa kodi kila mwezi, sivyo?"

"Kila mwezi. Hata mwezi wa likizo."

"Wazee uliowatunza, wangapi walikuwa wanapata posho hii?"

"Wengi sana."

"Uliwaona ni waombaji?"

Mama Perpétue aliichukua bahasha, akaipangusa kwa kiganja. "Wewe mtoto," alisema mwishoni, "ulikosea kazi. Ungekuwa wakili." Kisha akatafuta miwani yake.

Fomu ilipelekwa. Januari ikapita bila jibu. Februari Stellah alitumwa Malmö kwa kesi nyingine, akakaa huko wiki tatu. Alipopiga simu ya fleti namba tatu iliita tu, na ofisini kwa Filip Ahl walijibu kwamba hawatoi habari za wapangaji.

Tarehe mosi Machi alimshika Kamila mkono, wakapanda treni. Theluji ilikuwa inayeyuka. Sebuleni saa ilikuwa inatembea, na hapakuwa na mtu. Kwenye korido, nje ya fleti namba tatu, maboksi matupu yalikuwa yamekunjwa na kuegemezwa ukutani. Yametumika, au hayakutumika? Stellah aligonga. Kimya. Alijaribu kitasa, mlango ukafunguka, na ghafla akakosa ujasiri wa kuingiza kichwa.

Kamila alimpita chini ya mkono. Alikaa kizingitini, akashusha zipu ya buti moja, zrrrp, kisha ya pili. Alitafuta mahali pa kuziweka, harufu ya maandazi ikimjia kutoka jikoni. Akainua uso, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili:

"Mama, viatu vya bibi bado viko hapa."