Unga Nyuma ya Moira

Haya yalimpata rafiki yangu Moira, wa klabu yetu ya kukimbia kule Surrey. Kila Jumapili mmoja wetu hutangulia porini akimwaga vijirundo vya unga kuonyesha njia, na anayekimbia nyuma kabisa huvifuta kwa kiatu, visije vikapoteza kundi lingine.

Jumapili hiyo ya Desemba, wa nyuma alikuwa Moira, kwa mara ya tatu mfululizo.

"Mimi tena? Nyie hamnazo!"

"Una roho nzuri, dada," akacheka Clive, kiongozi wetu, akatimua mbio.

Akabaki peke yake kwenye nyika ya vichaka, anafuta, anasonya, anafuta. Saa kumi jioni, maana kule wakati wa baridi jua huzama mapema, akaingia kwenye misonobari, na giza likamfunika. Nyuma yake kitu kikawa kinamwagika polepole, kama mchanga kiganjani. Akisimama, nacho kinanyamaza.

"Clive, kama ni wewe nitakuzaba kofi!"

Akakaza mwendo mpaka kwenye maegesho, wenzake walikokuwa wanakunywa chai. Clive alikuwa miongoni mwao. Akamulika tochi nyuma ya Moira, akafoka.

"Mbona hujafuta hata kimoja?"

"Nimefuta vyote! Kidole gumba kinaniuma kwa kufuta!"

Akageuka amwonyeshe. Vijirundo vilitoka msituni, vyeupe, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye kisigino chake. Kwa hasira akakifuta cha mwisho, akasogea hatua moja mbele.

Nyuma yake, kwenye mwanga wa tochi, unga ukaanza kudondoka tena, kutoka usawa wa goti, na hapakuwa na mkono.