Kesho Tutarudi Karema

Maji ya mtungini yalianza kutokota mchana kweupe, siku ya tisa baada ya mazishi. Fausta alikuwa anapepeta mchele barazani, nyumbani kwao Mwamkulu. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunua mtungi. Maji yalikuwa baridi, lakini mapovu yalipanda, bloku, bloku, bloku, na harufu ya dawa ya kudekia wodi ikamjaa puani.

Mlio ule aliujua. Wiki tatu aliusikiliza hospitalini Mpanda, kwenye kichupa cha maji cha mashine ya oksijeni, kando ya kitanda cha mama yake, Pudensiana.

Daktari alikuwa amemwita Fausta nje pamoja na mumewe, Kalisti. "Hatapona. Ni haki yake kujua. Mtamwambia nyie, au nimwambie mimi?"

"Hapana, daktari," Kalisti aliwahi kusema. "Akijua atakata tamaa. Wenye mgonjwa ni sisi."

Daktari aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Siku hiyohiyo mama aliuliza, "Fausta, wewe hujawahi kunidanganya. Nakufa? Kama nakufa, nirudisheni Karema nilale kwangu, Padri anipake mafuta matakatifu."

"Unapona, mama. Kesho tutarudi Karema."

Alisema hivyo siku kumi na mbili. Padri alipokuja na mafuta ya wagonjwa, Kalisti alimzuia mlangoni. "Akikuona tu, atajua." Mama alimwona Padri akigeuka. Alimtazama Fausta, na hakusema neno tena mpaka alipokata roho.

Sasa Kalisti alichungulia mtungini, akacheka. "Mama Evaline, hata mtungi nao unaumwa?" Akaumwaga, akauvunja. Lakini jioni ndoo ikaanza, kisha sufuria, kisha kikombe cha uji wa mtoto mezani, kila chenye maji nyumba nzima kikitoa mlio uleule, na ndani ya mlio, nyembamba kama pumzi inayotafutwa na haipatikani, sauti ikiuliza bila kuchoka, "Fausta, nakufa?"

"Hilo ni jini," Kalisti alinong'ona, safari hii bila kucheka.

"Jini gani linajua swali la mama?"

Asubuhi Fausta alimwita Padri yuleyule. Padri alisikiliza ndoo kwa muda mrefu.

"Mjibu," alisema. "Nitasali baadaye."

Fausta akapiga magoti mbele ya ndoo. "Ndiyo, mama. Ulikuwa unakufa. Nilijua. Nilikunyima Karema, nikakunyima na Padri."

Maji yakatulia.

Miezi minne baadaye, Fausta alivimba tumbo, akalazwa wodi ileile. Daktari alimwita Kalisti nje, wakaongea sana. Kalisti alirudi anatabasamu, kope zimelowa.

"Baba Evaline, amesemaje? Niambie ukweli."

"Vidonda vya tumbo tu, mke wangu. Kesho tutarudi nyumbani."

Fausta alimtazama. Kando ya kitanda mashine ya oksijeni ilikuwa imezimwa, waya wake umeviringishwa sakafuni. Kalisti alipotoka kwenda kununua uji, maji ya kichupa yakaanza, polepole, bloku, bloku, bloku.

"Mwanangu," sauti nyembamba ikasema, "niulize mimi."