Jamvi la Nafisa

Mimi ni Muhamadi, mkulima wa mpunga hapa Kionga. Asubuhi nachemsha chai mwenyewe. Zamani alichemsha Nafisa, mke wangu. Tangu tumzike, chai yangu haijawa chai.

Zamani mchele wetu ukichemka, jirani anauliza nyuma ya ua, "Leo kuna nini?" Wanunuzi walitoka mjini Palma kuugombania. Nafisa akicheka, "Msisukumane, mtaniangushia ua!"

Siku hizi watu wanakula mchele wa gunia unaoletwa kwa meli. Mweupe, hauna harufu. Lawama nawapa wakubwa. Meli wanaiona, barabara yetu hawaioni.

Mwaka huu nikaapa: mchele usipouzika, shamba la bondeni basi, nampa mtu. Shamba lile alilifyeka Nafisa.

Nikaubeba mchele mpaka sokoni Palma. Mama mmoja akachota, akanusa, akafumba macho.

"Yarabi! Mchele wa bibi yangu huu."

Kisha akaupekua kwa kidole. Akaurudisha. Akanunua wa gunia.

Pembeni yangu aliuza Atija, jirani yetu, rafiki wa marehemu.

"Umeona?" nikamwambia. "Wakubwa wamewaharibu watu ulimi."

"Ulimi wake mzima, shemeji. Ameogopea meno." Akanionyesha kiganjani vijiwe alivyovitoa kwenye mchele wangu. "Hivi navyo kaviweka mkubwa gani?"

Nikanuna.

"Yule anatoka kazini jua limezama," akasema. "Hana nafasi ya kuchagua mchele. Anataka aoshe, apike. Wewe mpunga unapigia wapi?"

"Uwanjani. Chini."

"Unaanika wapi?"

"Hapo hapo."

"Nafisa alipigia wapi?"

"Juu ya jamvi lake. Liko darini, nimelikunja tangu alipofariki. Sitaki mtu alikanyage."

"Shemeji, alilisuka likanyagwe," akasema Atija taratibu. "Piga mpunga juu ya jamvi, au turubai. Anika juu yake. Pepeta, kakoboe mashineni, kisha chagua vijiwe. Funga kwenye mifuko midogo, misafi. Harufu unayo tayari. Mchele wa meli hauna."

Nyumbani nilikuwa na mpunga ambao haujapigwa. Nikalishusha jamvi. Lilikuwa bado linanukia makapi. Nikakaa nalo kidogo, kisha nikalitandika. Atija akaja kunisaidia, akinicheka ninavyopepeta: "Unalisha kuku au unapepeta?"

Nikarudi Palma na mifuko yangu. Yule mama akapekua kwa kidole, akapekua tena. Hakuona kijiwe.

"Nipe huu," akasema. Safari iliyofuata alikuja na dada yake.

Bonde nalifyeka tena. Barabara bado mbovu, na wakubwa nitawasema mpaka waitengeneze. Jamvi limetoboka pembeni. Atija ananifundisha kuliziba kwa ukindu.

Jana niliinjika sufuria ya mchele. Ulipochemka, nikasikia sauti nyuma ya ua.

"Muhamadi! Leo kuna nini?"