Kilomita za Shen Yuhe

Simu tatu, mkoba mmoja wa kiunoni, mkimbiaji mmoja. Haya niambie, kilomita zitatofautianaje?

Qiu Manyun alisimama pembeni ya uwanja wa chuo, jasho linamtiririka, akazitoa moja moja. Ya kwake ilisoma kilomita mbili. Ya Luo Jiaqi, mwenzake wa chumbani aliyekuwa bado anakoroma bwenini, kilomita mbili. Ya Shen Yuhe, kilomita mbili na nusu.

"Mbovu hii," akasema, akairudisha mkobani.

Chuo kile cha milimani kiliamua kwamba kila mwanafunzi akimbie asubuhi na simu yake, na simu ndiyo imtolee ushahidi. Wanafunzi nao hawakulaza damu: anakimbia mmoja, simu za chumba kizima zinakimbia naye. Masomo ya mtandaoni ni hivyo hivyo, video inacheza yenyewe mezani huku mwenye jina anakula tambi. Mwalimu akitupa tangazo kwenye grupu la darasa, watu arobaini wanajibu "Nimepokea" bila kusoma hata mstari. Ukishaonekana kwenye simu, basi upo, nani atakuja kukupapasa ahakikishe?

Yuhe alikuwa ameondoka jana yake, Jumatatu mchana, kupanda mlima nyuma ya chuo akachome karatasi za tambiko na kuweka machungwa kwenye kaburi la bibi yake. Binti mpole, mdogo kuliko wote chumbani.

"Dada Manyun, nalala kwa mama mdogo upande wa pili wa mlima. Nikuachie simu unikimbilie?"

"Niachie. Namba ya siri ile ile?"

"Ile ile. Kesho mchana nipo."

Jumanne mchana hakuwepo. Saa moja usiku Mwalimu Bao, mlezi wa darasa, akauliza kwenye grupu kama kila chumba kimetimia. Manyun ndiye aliyekuwa kiongozi wa chumba 417, na Ijumaa saa sita mchana ingetoka orodha ya watakaoendelea na shahada ya uzamili bila mtihani. Miaka mitatu amejinyima usingizi kwa ajili ya orodha hiyo. Mama yake ameshatangazia jengo zima kule kwao. Na kiongozi ambaye chumba chake kina mtoro, jina lake linakatwa, hakuna mjadala. Akajibu kwa simu yake, "Tupo wote." Kisha akachukua simu ya Yuhe aandike "Nipo."

Ilikuwa imeshaandika.

"Jiaqi, umeshika simu hii?"

"Mimi? Nanawa miguu hapa, hunioni?"

Jumatano asubuhi simu ya Yuhe ikasoma kilomita nne. Manyun akafungua ramani. Mizunguko ya uwanja ilikuwepo, mstari juu ya mstari. Lakini palikuwa na mstari mwingine, mwembamba, ulioanzia juu mlimani, kwenye matuta ya zamani ya wakulima waliohamishwa, ukashuka ukielekea bwenini. Ulikuwa umefika nyuma ya jiko la chuo.

Jiaqi alichungulia begani kwake, akaguna. Huyu Jiaqi ni mtu wa masihara, lakini siku hiyo masihara yalimkauka mdomoni. "Kule kuna mashimo ya kuhifadhia viazi vitamu. Yamefunikwa mbao mbovu. Dada, Yuhe ametumbukia! Mwambie Mwalimu sasa hivi!"

"Halafu jana usiku nani alisema yupo?"

"Si useme ulikosea?"

"Na jana asubuhi nani alikimbia na simu yake? Na yako? Ukitaja jina langu, na lako linatajwa. Cheti utakisikia kwenye bomba." Akampokonya simu aliyokuwa ameanza kubonyeza. "Pengine yuko kwa mama mdogo anakula zake. Ijumaa saa sita. Siku mbili tu, usiniharibie."

Jiaqi akalia, akanyamaza. Nasema ukweli, na kunyamaza kwake kulinunuliwa kwa bei rahisi mno.

Alhamisi, saa ya usingizi wa mchana, bweni zima limetulia na mapazia yamefungwa, chumba 417 kikaanza kunuka udongo mbichi. Kitanda cha Yuhe kiko dirishani, juu, kina pazia la maua. Simu yake ilikuwa ndani ya droo, imezimwa. Kisha sauti ya kike ya ile programu ya kukimbia, ile changamfu inayompongeza mtu, ikasema kutoka ndani ya droo: "Kilomita ya tano." Wote wawili wakafumbua macho na hakuna aliyesogea, wakawa wanasikiliza nyayo zilizolowa zikipanda ngazi, tap, tap, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kila zilipofika kituo sauti ile inapongeza, "Hongera, endelea hivyo," na nyayo zikaja kwenye korido zikapita mlango wa 415, zikapita wa 416, zikasimama, na mlango haukufunguka ila ngazi ndogo ya kitanda cha dirishani ikalia kama inavyolia mtu akiipanda, na godoro likabonyea, na lile pazia la maua likavutwa taratibu kutoka ndani.

"Mama yangu," Jiaqi akanong'ona. "Mama yangu weee."

Mlango ukagongwa, nusura roho ziwatoke. Ni Shangazi Fei, matroni wa bweni, ana fagio mkononi.

"Nani kapita na matope? Nimetoka kudeki!" Kisha akanusa, uso ukambadilika. Sauti akaishusha. "Yule wenu wa dirishani nimempisha ngazini. Nimemsalimu, hakuitika. Nyie watoto, yule ametoka wapi?"

Manyun akasema kwa adabu, "Kwao, Shangazi."

"Usinidanganye, nimezika watu wengi kuliko umri wako. Kijijini kwetu mtu akipotea, watu hutoka nje wakaliita jina lake. Nyinyi mmemwitikia, si ndiyo? Kwenye masimu yenu. Mmesema yupo." Akakitazama kitanda, akarudi nyuma hatua moja. "Mkimwitikia asiyekuwepo, kuna kitu kingine kinaikalia nafasi yake, na hakitoki. Semeni hayupo, mbele ya watu wote, kitaondoka. Na kama binti bado anapumua, mtamwahi."

"Ndiyo, Shangazi. Tutasema leo leo."

Manyun akafunga mlango taratibu, akageuka. "Kesho saa sita," akamwambia Jiaqi.

Hapo simu ya Manyun mwenyewe ikatetemeka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Yuhe, sekunde sitini. Sekunde hamsini za mwanzo ni udongo unaomomonyoka, na kucha zinazokwaruza, na mtu anayehema kwa tabu. Kisha: "Kuna mtu juu? Jamani... Dada Manyun ataniulizia. Dada Manyun anajua niko wapi."

Manyun akaufuta. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Jiaqi aliuona mkono ule.

Ijumaa saa sita orodha ikatoka, jina lake la tatu. Akampigia mama yake, wakalia pamoja kwa furaha. Jiaqi alimngoja mlangoni.

"Umeshapata. Sasa sema."

"Kwanza simu irudi kwa mwenyewe," Manyun akasema, anavaa viatu. "Ikikutwa hapa wataanza kuuliza nani alikimbia. Naitupa pale pale alipo, nashuka nikipiga mayowe, nimemtafuta nimempata. Yangu naiacha hapa, isije ikaonyesha nilipanda moja kwa moja hadi shimoni."

"Na kama yuko hai?"

Manyun akafikiri kidogo. "Hayuko," akasema.

Alilipata shimo kirahisi. Machungwa ya kaburini yalikuwa yamesambaa njiani, mbao zimevunjika katikati. Akainama. Yuhe alikuwa chini, amekaa, kichwa ameegemeza ukutani, na ukuta mzima umechimbwa kwa kucha hadi urefu wa mkono wake. Mdomoni alikuwa na udongo. Machozi mashavuni yalikuwa hayajakauka.

"Dada Manyun," ikaita sauti nyuma yake.

Akageuka. Yuhe amesimama, nywele zimelowa, anatabasamu kwa adabu ile ile.

"Umenikimbilia sana," akasema. "Pumzika."

Mkono uliomsukuma ulikuwa baridi kama udongo wa chini. Manyun akasikia mguu wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Alipotazama juu, uso uliokuwa unamchungulia haukuwa tena wa Yuhe. Ulikuwa wake mwenyewe. Simu aliyokuja nayo ilikuwa imepasuka chini ya goti lake, nyeusi kabisa. Akapiga kelele. Mvua ya milimani ikaanza, ile nyembamba isiyoisha.

Saa moja usiku Jiaqi alikuwa peke yake mezani. Peke yake, nasema, lakini mapazia mawili yalikuwa yamefungwa, na nyuma ya kila pazia mtu amelala kauelekea ukuta, na maji yanadondoka kutoka magodoro yote mawili. Simu ya Manyun ilikuwa mezani. Imeshajibu salamu za mama yake, vizuri kabisa, hata kumtania.

Grupu likalia. Mwalimu Bao: "Vyumba vyote, mmetimia? 417?"

Jiaqi akaandika, "Manyun na Yuhe hawapo. Wako shimoni, mlimani." Kidole kikasimama juu ya kitufe. Kubonyeza tu, na watu wangepanda na tochi, na mmoja angetolewa akiwa hai.

Akaukumbuka mkono uliofuta ule ujumbe. Akamkumbuka binti aliyekaa siku nne gizani akiamini kuna dada atakayemuulizia. Akafuta alichoandika, herufi moja moja, bila haraka.

"Tupo wote, Mwalimu."

Mapazia yakatikisika kidogo. Kutoka dirishani sauti ikauliza kwa upole, "Jiaqi, kesho asubuhi utatukimbilia?"

"Niachieni tu simu," Jiaqi akasema.