Kitufe cha Ramani Kwenye Harusi ya Mume Wangu

"Tahani, mnaoana tena na Yazeed?"

Rafiki yangu Huwaida kanirushia linki WhatsApp. Juu imeandikwa: HARUSI YA YAZEED NA TAHANI.

Nikacheka. Nikaifungua...

Ndani bwana harusi ni Yazeed. Mume wangu! Bibi harusi ni Ibtihal, wa mji wa Ibra. Ijumaa hii hii!

Jamani, ukurasa ule niliutengeneza mie, wa harusi yetu. Kurasa za mialiko ndiyo kazi yangu hapa Nizwa. Mwanamme kaukopi mzima, jina la mke kalibadilisha ndani, la juu kalisahau. Hata maua ni yale niliyoyachagua mie!

Na juzi tu nilimkumbusha kuwa kaka yangu Adham anaoa Ijumaa, Samail.

"Sitoweza kuja, habibti. Nna kazi Sur."

Kazi!

Sikulia. Nilifungua laptop na roho mbaya, na wallahi nilifurahia. Ukurasa kauiba, lakini kitufe cha ramani bado kinavutwa kutoka kwenye akaunti yangu. Nikakipa amri moja: kila atakayekibonyeza, apelekwe soko la mbuzi, Sinaw.

Ijumaa nikavaa dhahabu zangu, nikakaa Samail na wanawake wenzangu kusubiri aibu ya Yazeed.

Simu ikalia. Adham, yuko msikitini.

"Tahani! Wakwe zangu wametoka Sur tangu asubuhi, hawajafika!"

"Labda njiani..."

"Wako Sinaw! Linki yako imewapeleka kwa mbuzi! Baba wa bibi harusi anasema tumemtukana mbele ya ukoo wake. Wamegeuza magari. Hakuna nikaha, khalas!"

Nikaufungua ukurasa wa Adham, nikabonyeza ramani: Sinaw.

Kitufe kile ni kimoja tu. Kila ukurasa niliowahi kutengeneza unakivuta hicho hicho... na wa Adham pia! Nilikuwa najisifia kwa wateja: narekebisha mahali pamoja tu, pote panarekebika.

Na kule Ibra, kwa Yazeed? Wageni wote wa mtaa ule ule. Nani afungue ramani? Walikwenda kwa miguu!

Jioni Yazeed akaniandikia: "Mabruk kwa Adham. Huku Sur kazi tumeimaliza salama."

Dada zangu, ukitaka kumkomoa mtu, tazama kwanza nani mwengine anakula sahani hiyo hiyo. Mie sikutazama.

Talaka niliidai, nikapewa. Kwa Adham sina pa kudai. Nikimsalimia, anatazama ukutani.