Pumzi Bilioni Nne

Asubuhi ile onyo lilikuwa limetoweka. Wiki tatu nzima kompyuta ilikuwa ikimgombeza mtunga programu kwa sababu ya mstari mmoja tu, ule unaolinganisha namba inayoweza kushuka chini ya sifuri na namba isiyojua hasi ni nini. Leo, kimya.

"Nimelirekebisha jana, usijipe presha," alisema kaka yake, mwenye karakana, akichukua funguo. "Naenda kumtazama mama."

Alimwamini. Angekosaje kumwamini? Ndiye aliyemfundisha kazi, na kisanduku cha kwanza cha kufuatilia pumzi walikifunga kando ya kitanda cha mama yao, ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka. Mara tatu mtunga programu alimweleza kaka: mtandao ukikatika, kisanduku hupata hasi moja, na mstari ule huigeuza kuwa zaidi ya bilioni nne. Kitadhani pumzi zimefika tele, na kengele haitalia.

Saa nne ikaingia karakanani harufu ya udongo uliochimbwa. Kisha, pale mezani, kitu kikavuta pumzi.

"Umesikia?" alinong'ona fundi wa kulehemu.

"Ni kisanduku cha majaribio. Kizime."

"Dada, hakina betri. Nimeitoa kwa mkono wangu." Alirudi nyuma hadi ukutani. "Hilo ni jini. Limepata pa kukaa, na mimi siligusi ng'o."

Kilihema taratibu, kikiweka katikati kikohozi kidogo ambacho mtunga programu alikijua tangu utotoni, kikohozi cha mama, naye akafungua programu kutafuta hayo marekebisho, akaukuta mstari uleule, haujaguswa hata herufi, na juu yake amri mpya ya kuizuia kompyuta isitoe onyo la aina hiyo, na sahihi iliyowekwa haikuwa ya kaka, ilikuwa yake yeye, ambaye hakuwahi kuiandika amri hiyo.

Ndugu wa tumbo moja! Alikimbia mitaa miwili bila viatu, ile harufu ikimtangulia hadi mlangoni kwa mama.

Chumbani taa ya kisanduku ilikuwa ya kijani. Pumzi ziliingia na kutoka, nzito na za utulivu. Kaka alikuwa kwenye kiti, miguu ameinyoosha.

"Ona unavyohangaika bure," alisema akitabasamu. "Msikilize mwenyewe. Hajapumua vizuri hivi tangu mwaka jana."

Kwenye kioo kidogo cha kisanduku palisomeka: pumzi zilizopokelewa, 4,294,967,295.

Aliweka kiganja kwenye kifua cha mama. Kilikuwa baridi, na hakikupanda wala kushuka.

"Uliniambia umerekebisha," alisema. "Kaka, uliniambia."

"Kwani kuna nini? Si anapumua?"

"Si yeye."

Tabasamu likamtoka kaka. Akainama juu ya uso wa mama, kinywa kikiwa kimefumbwa, na nyuma yake kisanduku kikakohoa.