Kamba ya Benedikta

Kila siku mchana Leticia alitoka shuleni, akakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja, akapenya katikati ya wauza viatu na wauza vikombe wa Kariakoo, mpaka Mtaa wa Mchikichi. Hapo ndipo baba yake, Fundi Eliasi, alipokuwa na cherehani yake, barazani mbele ya duka la vitambaa la Mzee Suud. Leticia alivua mkoba, akala chochote alichowekewa, kisha akaanza kazi. Alikata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo, akapiga pasi, akapanga vifungo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi hiyo aliipenda. Aliipenda, yaani, mpaka ule mfuko wa kamba ulipofika.

Fundi Eliasi alizaliwa Nakalola, kijiji kidogo huko kusini, upande wa Masasi. Watu wa Nakalola waishio Dar es Salaam walikuwa na umoja wao, na mwaka ule walikubaliana kuisaidia shule ya kijijini kwao. Wengine walitoa madaftari, wengine mabati ya kuezekea darasa. Mzee Suud, ambaye Masasi hajawahi hata kuiota, alitoa jora zima la kitambaa cha bluu. Fundi Eliasi akatoa mikono yake. Angeshona sketi na kaptura za watoto arobaini na wawili, mmoja kwa kila nyumba iliyokuwa na shida.

Sasa, utamshoneaje mtu aliye mbali namna hiyo? Shule haikuwa na tepu ya kupimia. Lakini Mwalimu Samson, mwalimu mkuu wa pale, alikuwa mtu wa kutumia akili. Alifumua viroba vikuukuu akapata kamba, akampima kila mtoto kwa kamba yake. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni kiuno. Kutoka fundo la kwanza hadi la pili ni urefu. Kisha akafunga kikaratasi chenye jina. Kamba zote zilifika Kariakoo ndani ya mfuko wa unga, pamoja na barua ya shukrani.

Barua hiyo iliandikwa na msichana wa darasa la saba aitwaye Benedikta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Fundi Eliasi aliisoma mara ya kwanza akairudia. Alipoisoma mara ya pili alitikisa kichwa kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyekuja kupunguza suruali akaondoka bila kusomewa barua ya Benedikta.

"Sikiliza mtoto wa kijijini anavyoandika!" alisema. "Nukta mahali pake, mkato mahali pake. Hawa wetu wa mjini wana kila kitu, lakini waambie waandike barua!"

"Hawa wetu wa mjini" alikuwa amekaa palepale, ameshika pasi.

Leticia aliisikia barua ile mpaka akaijua kwa moyo, na kila ilipoanza kusomwa alichukia. Alikuwa na sababu. Muhula uliopita alikuwa wa kumi na tisa darasani. Muhula huu alikuwa wa nne. Siku ya wazazi aliitwa mbele apigiwe makofi, akaangaza macho huku na huku akimtafuta baba yake. Baba hakuja, alikuwa anakata kaptura za Nakalola. Alipomletea ripoti, baba aliitazama akasema, "Vizuri sana, mama. Endelea hivyo hivyo." Akaiweka juu ya meza ya kukatia, na baada ya dakika tano ilikuwa imefunikwa na vitambaa. Hakuna mteja aliyesomewa ripoti ya Leticia.

Siku ya Jumatano Badriya, mjukuu wa Mzee Suud, alitoka dukani akamkuta rafiki yake amevimba mashavu.

"Mambo, Leti?"

"Poa."

"Poa gani hiyo? Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Yaani baba angeweza, angemchukua huyo Benedikta awe mtoto wake, mimi anipeleke huko Nakalola."

Badriya alicheka. "Wewe nawe! Mtu hujamwona hata siku moja, unamchukia?"

"Simchukii," alisema Leticia. Lakini alimchukia. Alimchukia kwa mwandiko wake, kwa nukta zake na mikato yake, na kwa jinsi baba alivyotabasamu akilitaja jina lake.

Muda si mrefu Fundi Eliasi alikwenda kununua zipu. "Nipangie kamba zilizobaki, mwanangu," alisema. "Zimebaki saba. Nikirudi nazikata zote."

Leticia alizimimina kwenye meza. Ya tatu ilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa: Benedikta, darasa la VII. Ilikuwa ndefu kuliko zote. Kumbe ni mrefu pia! Hata urefu anao!

Wivu haukuambii kaa ufikiri kwanza. Leticia alitazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kulifungua fundo la pili kwa kucha. Lilikuwa limekaza, akatumia meno. Kisha akafunga fundo jipya, shibiri nzima karibu zaidi na lile la kwanza. Akaiweka kamba katikati ya nyingine. Alijiambia ni mchezo tu. Sketi itakuwa fupi, Benedikta ataivaa watu wamcheke kidogo, basi. Mtu anayesifiwa kila siku akichekwa siku moja hafi.

Baba alirudi, akalaza kamba moja moja juu ya kitambaa, akapiga chaki, akakata. Alipofika kwenye kamba ya Benedikta mkasi haukusita hata kidogo. Leticia alitegemea atafurahi. Ajabu ni kwamba hakufurahi, na jioni ile hakumaliza ubwabwa wake.

Siku iliyofuata, Alhamisi, alipotoka shuleni alimkuta baba ameinua sketi iliyokwisha kushonwa, anaigeuza mbele na nyuma.

"Sielewi," alisema Fundi Eliasi. "Mtoto wa darasa la saba, sketi ya mtoto wa darasa la tatu? Na lori linaondoka kesho adhuhuri." Akachukua simu, akampigia Mwalimu Samson, akaweka spika ili mikono iendelee na kazi.

"Mwalimu, habari za huko? Huyu Benedikta wako ni mfupi?"

"Mfupi!" Mwalimu Samson alicheka huko aliko. "Benedikta akiingia darasani anainama mlangoni. Kwani vipi, fundi?"

"Kamba yake inasema vingine. Hebu mwite umpime tena sasa hivi."

"Leo hayupo. Leo ni zamu ya mdogo wake."

"Zamu ya nini?"

"Zamu ya sare." Sauti ya mwalimu ilishuka. "Wana sare moja, fundi, na hiyo yenyewe imechoka. Jumatatu anavaa Benedikta, Jumanne mdogo wake, hivyo hivyo wanapokezana. Nimewaambia waje hata na nguo za nyumbani, siwezi kuwafukuza. Lakini gauni alilo nalo limechanika mgongo mzima, na msichana mkubwa yule anaona haya. Mwezi wa tisa ana mtihani wa taifa, na wiki hii amesoma siku mbili tu. Ile barua aliiandikia nyumbani, siku ambayo si zamu yake. Ndiyo maana yeye ndiye niliyempima wa kwanza kabisa."

Fundi Eliasi alishukuru, akakata simu. Aliguna. "Mwalimu mzima anashindwa kupima mtoto mmoja! Arobaini na mmoja apatie, huyu mwenye shida kuliko wote ndiye amkosee. Uzembe huu!"

Leticia alisimama na pasi mkononi. Alikuwa amemtengeneza Benedikta kichwani mwake: msichana anayeringa, anayetembea kijijini huku kila mtu akimsifu. Sasa alimwona amekaa nyumbani mchana kutwa, akingoja sare irudi. Alikaribia kumwibia msichana huyo siku zake za shule, na sasa mwalimu wa watu anaitwa mzembe kwa kosa lake yeye Leticia. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona.

"Baba," alisema, "mwalimu hakukosea. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilifungua fundo. Nikafunga jingine." Aliitafuta kamba ile mezani, akamwonyesha mahali ilipojikunja. "Lilikuwa hapa."

Fundi Eliasi hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Aliishika kamba, akapitisha kidole pale palipojikunja, akauliza polepole, "Kwa nini, mwanangu?"

Hapo machozi yalimtoka Leticia, na maneno yakatoka nayo. "Kila siku Benedikta, Benedikta! Siku ya wazazi hukuja. Nimekuwa wa nne, baba, na hukumwambia hata mtu mmoja!"

Mzee Suud, aliyesikia yote akiwa mlangoni pa duka lake, alikohoa. "Fundi, mimi sitaki kuingilia. Lakini jora limekwisha. Rangi ile sina tena mpaka wiki ijayo."

"Najua, mzee wangu." Fundi Eliasi aliinuka, akanyoosha mkono juu ya rafu, akashusha kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Alikifungua. Ndani kulikuwa na kitambaa cha bluu kile kile, kipya, bado kina harufu ya dukani.

"Hiki nilikinunua kwa Mzee Suud siku ile ile uliponiletea ripoti," alisema. "Nilitaka nimalize mzigo huu, nikushonee sketi mpya ya marinda. Niliona nikikwambia mapema nitaharibu raha. Ni chako, Leticia. Sitakuamulia."

Leticia alikitazama. Alikitaka. Hebu tusidanganyane: alikitaka sana, hasa sasa alipojua kilinunuliwa kwa ajili yake. Sketi yake ya sasa ilikuwa imepauka, na nyuma ilikuwa na kiraka ambacho wenzake walikijua. Alikigusa, akakikunja, akakikunjua tena. Kisha akakitandaza mezani, akaichukua kamba, akailaza juu yake mpaka pale ilipojikunja, na akampa baba chaki.

Walifanya kazi pamoja. Baba alikata na kushona, Leticia alipiga pasi marinda moja baada ya jingine, akashona pindo kwa mkono, akafumua mara mbili alipoona halikunyooka. Adhana ya magharibi ilipolia, sketi ilikuwa tayari.

"Na hii fupi itamtosha mdogo wake," alisema Fundi Eliasi, akizikunja zote mbili pamoja. "Lakini usije ukajisifu kwamba ulikusudia."

Leticia alicheka huku kamasi zinamtoka. Kesho yake lori liliondoka na mzigo wote, sketi na kaptura arobaini na tatu.

Wiki mbili zilipita. Alasiri moja simu ya Fundi Eliasi iliita, naye alipokwisha kusalimiana na Mwalimu Samson alimpa Leticia. "Kuna mtu anataka kukushukuru. Mwambie mwenyewe unachopaswa kumwambia."

"Dada Leticia, habari za huko?" Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu anayeogopa simu. "Ni mimi Benedikta. Sketi imenikaa vizuri. Sasa tunakwenda shule wote wawili, kila siku. Mwalimu ametuambia kitambaa kilikuwa chako."

"Kilikuwa changu kwa sababu niliharibu cha kwako. Nilifupisha kamba yako makusudi. Nilikuonea wivu, baba alikuwa anakusifu mno. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliyenionea wivu mimi?" alisema Benedikta. "Mimi nilipoandika ile barua nililia. Nilikuwa nafikiria, huko Dar kuna msichana ambaye baba yake ni fundi, anavaa sare yake peke yake, anakwenda shule siku tano. Nilikuonea wivu mpaka nikachana karatasi ya kwanza." Akapumua. "Nimekusamehe. Lakini nisaidie kitu kimoja. Sehemu na desimali zinanipiga chenga. Unaziweza?"

"Naziweza kidogo. Nitakuandikia."

Aliporudisha simu, Fundi Eliasi alimvutia kigoda karibu na cherehani.

"Kaa," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kukosea. Mtoto wa mbali nilimsifu kwa sauti, wa kwangu nikamsifu moyoni, na moyoni hakuna anayesikia. Hilo nitalirekebisha. Lakini na wewe unisikilize. Ukiona mwenzako anasifiwa nawe ukaumia, njoo uniambie kwamba umeumia. Kuumia si kosa. Kosa ni kumshusha mwenzako ili wewe uonekane. Mtoto kama Benedikta kila siku ya shule anaipigania, na siku aliyoikosa harudishiwi na mtu. Sasa niambie, siku ile ulipoifupisha kamba yake shibiri nzima, wewe uliongezeka hata inchi moja?"

Leticia alifikiri.

"Hapana, baba," alisema. "Nilipungua."